Mahakama zetu kama huduma: kuhesabu kesi wanajua, kufunga mlango bado

Watu wanaandika maoni ya hoteli, ya simu, ya mabasi ya usiku ya kwenda Nairobi, lakini sijaona anayeandika ya mahakama, na ilhali ada tunalipa kule kama kwengine kokote na risiti tunapewa. Basi leo naandika mie. Kazi yangu ni ukarani kwa wakili hapa Mombasa, yaani mie ndiye yule mtu unayemuona na mafaili kwapani anakimbia, asubuhi mahakama za mjini, mchana Shanzu, kesho nimeshavuka feri naelekea Kwale. Si wakili, kwa hivyo mtu asije kesho akasema nilimpa ushauri wa sheria. Naipima huduma kama huduma, basi.

Na nitaipima kwa mambo mawili tu, maana mahakama ni kubwa siwezi kuimaliza: vile wanavyofuatilia kazi yao wenyewe, kesi ngapi zimeingia na ngapi zimekwisha, na vile wanavyofanya siku mlango unapofungwa ghafla. La kwanza nawapa nne kati ya tano. La pili nawapa mbili, na hizo mbili ni kwa sababu ya makarani wachache waungwana ninaowajua.

Nianze na zuri. Kabla ya hizi hesabu ukiuliza kituo fulani cha mahakama kina kesi ngapi hakuna aliyejua kwa hakika. Faili lilikuwa karatasi limefungwa uzi, likipotea limepotea, na lilikuwa linapatikana vizuri zaidi ukimjua mtu. Jaji Mkuu Willy Mutunga alipoingia ndipo ripoti ya mwaka ya hali ya mahakama ikaanza, hii wanayoiita SOJAR, ya kwanza ikiwa ya 2011/12, na tangu hapo kila mwaka wa fedha, Julai hadi Juni, hesabu inatolewa hadharani, zilizofunguliwa, zilizomalizwa, zilizobaki. Si hisani, sheria yenyewe ya huduma za mahakama inamtaka Jaji Mkuu atoe ripoti kila mwaka. Ni PDF nzito ya kuchosha, mie hotuba za mbele nazipita naenda kwenye majedwali ya nyuma moja kwa moja, huko ndiko unakoona kituo chako kiko wapi ukikilinganisha na wenzake. Nchi ngapi zinaweza kukuonyesha hivyo? Hapo lazima tuwasifu.

Sasa wengi hawajui zile namba zinazaliwa wapi. Zinazaliwa kwa yule karani anayekaa mbele ya hakimu, anayeita majina. Siku ikiisha, watu wameshatoka na mfagizi ameshaanza kusukuma viti, yeye anafungua kompyuta na kujaza fomu ya siku, DCRT kwa ufupi. Kila kesi iliyokuwa kwenye orodha inapata mstari wake: namba ya kesi, aina, ilikuja kwa jambo gani, kutajwa (yaani kuitwa tu ipangiwe hatua inayofuata) ama kusikilizwa ama hukumu, imeishia vipi, na kama imeahirishwa, kwa sababu gani, na inarudi lini. Nimekaa pembeni mara nyingi nikisubiri nakala ya amri huku namtazama mtu anajaza, na nakwambia ile safu ya sababu ndiyo riwaya yote ya mahakama ya Kenya. Shahidi hakufika. Wakili ana kesi nyengine High Court. Faili la polisi halijaletwa. Mshtakiwa hakuletwa kutoka rumande. Hakimu hayupo. Mstari baada ya mstari, mtu anabonyeza tu kwa kidole kimoja huku anapiga miayo.

Hiyo mistari inakwenda makao makuu, inajumlishwa, na ndiyo inayotumika kupima vituo. Maana tangu enzi hizo hizo za Mutunga mahakama zinawekewa malengo na kutiwa sahihi mikataba ya utendakazi, PMMU wanaiita, na mwisho wa mwaka kuna kutathminiwa na wanaofanya vizuri wanapewa tuzo. Nimewaona mahakimu ambao mwezi Juni wakikaribia kufunga mwaka wanaandika hukumu mpaka usiku. Presha inafanya kazi, tusidanganyane.

Lakini kipimo chenyewe kina kona zake. Kipimo kikubwa ni kiwango cha kumaliza kesi: unachukua zilizomalizwa unagawanya kwa zilizofunguliwa. Tuseme mwaka huu kituo kimefunguliwa kesi 1,000 kikamaliza 1,050, hiyo ni asilimia 105, watu wanapiga makofi. Haya, zile 1,050 ni zipi? Kesi ya trafiki mtu amekubali kosa saa tatu asubuhi, amepigwa faini, saa nne yuko barabarani, hiyo ni moja. Kesi ya shamba ya ndugu wanne iliyoanza babu yao akiwa hai, mashahidi kumi na moja, ramani tatu zisizofanana, ikimalizika nayo ni moja. Sasa wewe ukiwa hakimu na unapimwa utaanza na ipi? Sisemi wanafanya hivyo makusudi wote, nasema namba inawavuta huko. Haki yao pia niwape, ripoti inatenganisha za jinai na za madai, na inataja mlundikano kwa umri, kesi ikishapita mwaka mmoja tangu ifunguliwe inahesabiwa ni mrundiko. David Maraga alipokuwa Jaji Mkuu aliwashikilia kabisa wamalize zile za zaidi ya miaka mitano na kweli nyingi zilisukumwa, tulikuwa tunaitwa na notisi za kesi ambazo hata ofisini faili letu lilikuwa limeshaliwa na mende.

Kilichobadilisha mambo kwa mtu wa kawaida kuliko vyote, kwa maoni yangu, ni Mahakama ya Madai Madogo. Sheria yake ni ya 2016 ila ilikaa tu kwenye karatasi mpaka Aprili 2021 ya kwanza ilipofunguliwa Milimani, kisha zikaja na kwengine na Mombasa tukapata yetu. Unadai deni lisilozidi shilingi milioni moja, unaruhusiwa kwenda bila wakili (nalia mie lakini ndio ukweli), na kesi inatakiwa imalizike ndani ya siku 60 tangu ifunguliwe. Nimeona fundi wa alumini akilipwa deni lake kwa muda ambao zamani hata samansi haikuwa imepelekwa. Halafu kufaili mtandaoni, kulikoanza Nairobi Julai 2020 wakati wa korona na kufika nchi nzima Machi 2024, unaweka karatasi zako ukiwa umekaa kwako, unapata hesabu, unalipa kwa M-Pesa, stakabadhi inaingia. Ile foleni ya asubuhi ya kukadiriwa ada ya karatasi kwa karani imekwisha. Nne kati ya tano, nimesema, na siibanii.

Haya sasa tuje kwenye mlango.

Kufunga kuna namna yake. Kuna kule kunakojulikana, likizo za High Court, ile ya Agosti mpaka katikati ya Septemba, ile ya Desemba 21 mpaka Januari 13, hizo hazina lawama, kila mtu anajipanga na jaji wa zamu anakuwepo kwa mambo ya dharura. Kuna sikukuu za ghafla, hizi tunazozawadiwa na serikali. Oktoba 31 mwaka 2024, siku ya Alhamisi, tunaambiwa kesho Ijumaa ni mapumziko kwa sababu naibu wa rais mpya Kithure Kindiki anaapishwa. Mei 10 ya mwaka huo huo ilikuwa ya kupanda miti na kuomboleza waliokufa na mafuriko, nayo ilitangazwa siku mbili kabla. Oktoba 17 mwaka 2025 ilikuwa ya mazishi ya kitaifa ya Raila Odinga. Sina neno na sababu, nyengine ni msiba na msiba haupangwi. Lakini kila mojawapo ya siku hizo kila mahakama nchini ilikuwa na orodha iliyojaa, na mashahidi walioshaitwa, na mtu kule rumande aliyekuwa anahesabu siku mpaka ile Ijumaa apewe dhamana.

Halafu kuna zile nzito. Machi 15, 2020 Maraga alitangaza kwamba kuanzia kesho yake shughuli za mahakama zinapunguzwa kwa wiki mbili, isipokuwa za dharura, na sote tunajua zile wiki mbili zilivyorefuka. Juni 13, 2024 hakimu Monica Kivuti alipigwa risasi na afisa wa polisi akiwa kazini Makadara, mahakama yenyewe ikiwa ya muda pale nje kwa kukosa nafasi, na akafariki. Hiyo sitaandika mengi, bado inauma, ila niseme tu kwamba mtu aliuawa akifanya kazi kwenye hema kwa sababu kesi ni nyingi na vyumba ni vichache, na kwenye fomu ya siku hakuna safu ya hilo. Na Juni 25, 2025 kwenye yale maandamano mahakama ya Kikuyu ilichomwa moto. Hapo ndipo watu walipoelewa faida ya karatasi kuwa mtandaoni, maana kilichoingizwa kwenye mfumo hakiungui. Lakini vielelezo, panga la kesi ya mauaji, hati halisi yenye sahihi ya wino, hizo hazina nakala.

Mambo makubwa kama hayo, niwe mkweli, uongozi huwa unayashughulikia. Baada ya ile ya 2020 hukumu zilianza kusomwa kwa barua pepe na kwa video, na mpaka leo kutajwa kwa kesi nyingi ni kwa linki, unamuona wakili ana tai juu na chini kavaa kikoi. Kuna huu mpango wa Mahakama Popote pia, hakimu aliye kituo chenye kesi chache anasikiliza kwa video za kituo kilichozidiwa. Wazo zuri sana na ndilo dawa ya kituo kilichofungwa, wangelitumia hata kwa kufungwa kwa siku moja.

Tatizo langu ni kule kufunga kudogo dogo, kule kusikotangazwa kwenye televisheni. Hakimu ameitwa semina. Hakimu amehamishwa na mwengine hajaripoti. Stima hakuna. Mfumo umelala. Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipokatika huko kusini intaneti ikawa ya kusuasua Afrika Mashariki nzima, na ukitegemea linki basi siku hiyo mahakama imefungwa hata kama mlango uko wazi na hakimu kakaa kitini.

Nitoe mfano wa kituo kimoja cha Pwani, jina sitaji. Tuna mama mmoja mteja wetu, kesi ya mpaka wa shamba, imepangwa kusikilizwa, si kutajwa, kusikilizwa. Katoka bara huko alfajiri, kamleta mzee wa kijiji ambaye ni shahidi wake na miguu haimbebi vizuri, kamlipia bodaboda mpaka stendi kisha matatu, na sisi tumemleta mpima ardhi ambaye siku yake ni pesa. Tunafika, mlangoni karatasi. Nusu ya A4, imeandikwa kwa kalamu ya bluu, imebandikwa kwa selotepu ya kahawia: "Mahakama haitaketi leo. Tarehe mpya zichukuliwe rejistri." Hamna sababu, hamna sahihi, hamna aliyeiandika. Rejistri nako kijana kafungua lile daftari kubwa la tarehe, analipeleka mbele kurasa, anapeleka tu, tukadhani amepitiwa, kumbe anatafuta siku yenye nafasi. Ya karibu ilikuwa miezi mitano mbele. Yule mzee akauliza kwa upole kabisa, "Na nikifa?" Kijana hakujibu, na mie singelijibu pia.

Nilimuuliza tu kama semina ilijulikana lini. Akasema barua ilikuja wiki iliyopita.

Wiki iliyopita jamani! Na namba zetu za simu wanazo, ukifungua akaunti ya kufaili huwezi kusonga mbele bila namba ya simu, na ukilipa ada meseji inakufikia hujatia simu mfukoni. Pesa ikiingia tunaambiwa hapo hapo, hakimu akiwa hayupo tunaambiwa na selotepu. Hapo ndipo nyota zinapoanguka.

Na jioni ile, najua kwa sababu kazi naijua, yule karani alifungua fomu yake akajaza orodha nzima: imeahirishwa, hakimu hayupo, imeahirishwa, hakimu hayupo. Kwa hiyo siku ile haikupotea kwenye hesabu, imo, na mkubwa yeyote akitaka kujua kituo kile kimepoteza siku ngapi kwa semina anaweza kuzihesabu. Kisichoingia kwenye safu yoyote ni yule mzee na bodaboda yake. Mie pendekezo langu ni dogo sana: ongezeni safu moja, "wahusika walijulishwa kabla?", ndiyo ama hapana, na muiweke kwenye mkataba wa utendakazi. Mtaona meseji zitakavyoanza kutumwa ghafla.

Maana inawezekana, wapo wanaofanya. Kuna mahakama moja ndogo, ya kadhi, karani wake kabla ya saa moja asubuhi ameshatuma kwenye grupu la WhatsApp: leo kadhi ana msiba, kesi zote za leo zinakuja Jumanne, za dharura nipigieni. Na wale wasio na mawakili anawapigia mmoja mmoja kwa simu yake, krediti yake. Hiyo ndiyo notisi, ina sababu, ina siku ya kurudi, ina mtu wa kumuuliza. Vituo vingi vina hayo magrupu siku hizi, ila waliomo ni mawakili na sisi makarani wao, yule mwenye kujisimamia mwenyewe hayumo, na ndiye anayetoka mbali kuliko wote.

Jengine ambalo watu huniuliza sana kwenye korido: kama siku yangu ya mwisho ya kuwasilisha karatasi imeangukia siku ya kufungwa, nimeshapotea? Kwenye kesi za madai za kawaida, hapana. Kanuni za mwenendo wa kesi za madai za 2010, Agizo la 50, zinasema kama muda umeishia Jumapili ama siku ambayo ofisi zimefungwa na kwa hivyo hukuweza, ukifanya siku ofisi zinapofunguliwa tena unahesabika umefanya ndani ya muda. Na zile siku za Desemba 21 mpaka Januari 13 kwa kawaida hazihesabiwi. Ila utata uko kwenye mfumo wa mtandaoni, maana wenyewe haufungwi sikukuu, na siku ukilala mfumo ofisi iko wazi, sasa hapo imefungwa ama haijafungwa? Mie dawa yangu ni kupiga picha ya skrini ikionyesha hitilafu, na saa ionekane, kisha naandikia kituo barua pepe saa hiyo hiyo. Imeshatuokoa.

Na kwenye Madai Madogo ndiko kunatisha zaidi, kwa sababu siku 60 zinakwenda tu, semina ikiwepo isiwepo. Majaji wa High Court wenyewe wametofautiana, kuna waliosema hukumu ikitoka baada ya siku 60 haina nguvu na kuna waliosema ina nguvu, kuchelewa si kosa la mwenye kesi. Wewe umeshinda deni lako siku ya 64 kwa sababu mwamuzi alikuwa mafunzoni, halafu mdaiwa anakata rufaa kwa hoja hiyo. Yaani kufungwa kwa mahakama kunakuwa silaha ya mtu asiyetaka kulipa. Nikiwa na kesi huko nikaona siku ya 40 imepita na tarehe zinasukumwa, naandika barua kwa mkuu wa kituo naitaja namba ya siku iliyobaki, waziwazi, na mara nyingi inasogezwa.

Kwa anayekwenda mara ya kwanza: tazama orodha ya kesi za siku mtandaoni usiku wa kuamkia, na kama jina lako halimo usipande gari kabla hujapiga simu. Ukikuta karatasi mlangoni usirudi nyumbani hivi hivi, ingia rejistri, uchukue tarehe palepale na iandikwe kwenye mfumo ukiwa unatazama, maana wanaoondoka wakisema watarudi kesho ndio wanaokuta kesi imetajwa bila wao. Iombe ile karatasi ya mlangoni, ama ipige picha, kama una shahidi uliyemlipia utaihitaji siku ya kudai gharama. Kama wamekuzungusha mno iko ofisi ya kupokea malalamiko ya mahakama, unaandika bure, na kila kituo kina kamati ya watumiaji wa mahakama ambapo polisi, magereza, mawakili na hata watu wa mtaani wanakaa na hakimu. Mie nshawahi kuketi kwenye moja, chai ni nzuri, na lile suala la selotepu nililitaja. Liliandikwa kwenye kumbukumbu za kikao. Kikao kilichofuata kiliahirishwa, tulijulishwa tukiwa mlangoni.